Boksi moja, bechi moja, ampuli nne za ergometrini zimegeuka rangi na sita bado safi. Kwa nini?

#1 Mkunga_wa_Uru
Wakuu habari za jioni. Mimi ni muuguzi mkunga, zahanati ya huku juu Uru. Nimerudi likizo Jumatatu, na kama kawaida yangu nikaanza na friji. Boksi la ergometrini lina ampuli kumi. Sita ziko safi kama maji ya mfereji. Nne zimegeuka. Nimezishika moja moja mbele ya karatasi nyeupe pale dirishani: mbili zina rangi ya maji ya chai kabla majani hayajakolea. Moja ina unjano mdogo sana, ukiitazama peke yake huuoni mpaka uiweke jirani na iliyo safi. Ya nne ni kahawia, haina ubishi.

Muda wake wa kuisha bado miezi kumi na moja. Hizo nne nimezitenga, siwezi kumchoma mzazi kitu nisichokielewa. Ninachouliza ni hiki: kama ni joto, mbona hazikugeuka zote? Na hizo sita niziamini? Tangu Jumatatu nalala na vichupa hivi kichwani.

#2 KijanaWaPasua
Nimekaa siti ya mbele. Dada, kwa sisi wa mtaani hiyo ndiyo dawa gani?

#3 Mkunga_wa_Uru
#2 Ni sindano ya kukaza kizazi mama akishajifungua, damu isimtoke kupita kiasi. Siku hizi tunaanza na oksitosini, sindano nyingine ya kukaza kizazi, lakini ergometrini lazima iwepo pembeni. Saa nane za usiku, mvua ya masika, barabara ya tope na gari la wagonjwa liko mbali, hicho kichupa ni uhai wa mtu.

#4 Mfamasia_Njiro
Umefanya vizuri kuzitenga. Ergometrini ya sindano ni chumvi ya maleati. Mahali pake ni nyuzi 2 hadi 8, ndani ya boksi lake, gizani. Ikigeuka rangi haichomwi, hilo halina mjadala. Jaza fomu ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ya dawa yenye shaka ya ubora, andika namba ya bechi, piga picha. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko hapa Arusha.

Kuhusu sababu, mimi nasema mwanga. Joto lingezipata zote kumi kwa pamoja. Mwanga unachagua: aliyekaa mbele ndiye anayepigwa.

#5 KijanaWaPasua
Chumvi? Yaani chumvi hii ya kwenye ugali na maharage?

#6 Mwl_Kemia_Himo
#5 Kijana wangu, kidato cha tatu ulikuwa unakaa karibu na dirisha bila shaka. Chumvi ya mezani ni moja tu kati ya chumvi nyingi. Asidi ikikutana na besi, kinachozaliwa ni chumvi. Ergometrini yenyewe ni besi, kwenye maji haiyeyuki vizuri. Ukiikutanisha na asidi ya maleiki unapata unga unaoyeyuka, na huo ndio unaoingia kwenye ampuli. Dawa nyingi ziko hivyo: adrenalini huja kama tatrati au haidrokloraidi, ketamini, ile ya usingizi, ni haidrokloraidi, morfini mara nyingi ni salfeti.

Sasa dada wa Uru, maleati haina kosa. Anayeharibika ni ile besi. Ina pete ya atomi iitwayo indoli, na pete hiyo ina elektroni nyingi, kwa hiyo oksijeni inaipenda. Oksijeni ikishaila, vipande vyake vinashikana kuwa vinyororo vikubwa vya rangi ya njano hadi kahawia. Halafu kuna udhaifu wa pili: kiungo cha mara mbili kati ya kaboni mbili. Mwanga wa urujuanimno ukikigonga, molekuli ya maji inajibandika pale. Zao lake linaitwa lumi-ergometrini, na halikazi kizazi.

Kwa hiyo mfamasia #4 ana haki, ila usiisahau hewa. Juu ya dawa ndani ya ampuli kuna nafasi ndogo ya hewa. Viwandani huisukuma nje kwa naitrojeni kabla ya kuziba shingo kwa moto. Naitrojeni ikiingia vizuri kwenye ampuli sita na vibaya kwenye nne, unapata boksi kama lako bila friji wala dirisha kuhusika.

#7 BabuKahawa
Nawasalimu wote. Mimi ni mkulima wa Kibosho, si mtu wa hospitali, lakini suala la chumvi kugeuka rangi nimelikuta utotoni.

Tulikuwa tunapulizia kahawa mrututu, ile ya buluu, kwa ajili ya kutu ya majani na chule buni. Baba alikuwa na debe lake, akaliweka darini juu ya mafiga kusudi lisipate unyevu. Msimu wa kupulizia ulipofika akalishusha, akafungua: juu pote pamekuwa peupe kama unga wa muhogo. Mama alidhaniwa ameweka chokaa humo. Siku hiyo nyumbani hapakukalika. Jioni baba akachukua kipande cheupe akakiweka kwenye kiganja, akakidondoshea maji kwa ncha ya jani la mgomba. Kikarudi buluu mbele ya macho yetu. Nakiona mpaka leo. Alimwomba mama radhi, na baba yangu hakuwa mtu wa kuomba radhi.

Kwa hiyo msiwe wepesi wa kutupa. Kilichogeuka rangi si lazima kimekufa.

#8 Mwl_Kemia_Himo
#7 Shikamoo babu. Umeieleza kuliko vitabu vyangu. Mrututu ni salfeti ya shaba iliyobeba molekuli tano za maji, na buluu yake inategemea hayo maji. Joto la mafiga likiyafukuza inabaki nyeupe, ukiyarudisha inarudi ilivyokuwa. Hayo ni mabadiliko yanayorudi nyuma.

Ya ampuli hayarudi babu. Ile imeshayeyuka majini tayari, haina maji ya kupoteza. Kahawia yake ni kama ya ndizi uliyoimenya ukaiacha mezani.

#9 BabuKahawa
Marahaba mwalimu. Hiyo ya ndizi nimeielewa.

#10 Stoo_Mkuu
Naomba nimpunguzie mfamasia #4 uhakika. Nimetunza stoo ya dawa miaka kumi na minne. Rangi ni shahidi mmoja tu, na wakati mwingine ni shahidi wa uongo, kwa pande zote mbili.

Upande wa kwanza: ketamini. Kwenye karatasi ya maelezo ya baadhi ya ketamini imeandikwa kwamba ikikaa kwenye mwanga inaweza kukolea rangi, na nguvu ya dawa haipungui. Rangi imebadilika, dawa ni nzima.

Upande wa pili ndio unaoniogopesha. Ampuli inaweza kuwa safi kabisa na dawa ndani imeshapungua. Shirika la Afya Duniani lilizifuatilia sindano za kukaza kizazi kwenye nchi za joto mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ergometrini ikaonekana dhaifu kuliko oksitosini, hasa mbele ya mwanga. Ndiyo maana mimi swali langu liko kwenye hizo sita za dada Mkunga. Zile nne zimeshajieleza zenyewe.

#11 Mfamasia_Njiro
#10 Nakubali, na niliandika haraka. Nilimaanisha kwa ergometrini rangi ikitokea inatosha kuikataa. Rangi kutokuwepo haitoshi kuikubali. Kuna njia nyingine ya kuharibika isiyo na rangi hata chembe: molekuli inajigeuza upande kwenye kaboni moja tu na kuwa ergometrinini. Uzito uleule, fomula ileile, lakini kizazi hakiitambui. Joto linaisukuma huko, na jicho haliwezi kukuambia.

#12 Fundi_Friji_Soweto
Wakuu mimi ni fundi wa friji, Soweto hapa Moshi. Mnaongea molekuli, hakuna aliyeuliza friji yenyewe ikoje. Dada Mkunga, jibu haya:

Ni friji ya mlango wa mbele au ya kufungua juu? Boksi lilikaa rafu gani? Mpira wa mlango ukibana noti ya elfu kumi halafu ukaivuta, inakataa au inatoka? Umeme ukikatika mnafungua fungua? Na ile taa ya ndani, mlango ukifungwa inazima?

Hilo la mwisho msilicheke. Nimefungua friji zaidi ya moja ambazo kitufe cha taa kimegoma, taa inawaka ndani usiku na mchana, mwenye nyumba hana habari. Boksi likiwa limefunguliwa juu, ampuli zilizo upande wa taa zinakula mwanga kutoka asubuhi mpaka asubuhi. Unakuwa umeweka dirisha ndani ya friji.

#13 KijanaWaPasua
Fundi ameua. Mimi nimeinuka hapa nikaenda kuchungulia friji ya mama. Sasa mtu anajuaje taa imezima wakati mlango umefungwa?

#14 Fundi_Friji_Soweto
#13 Washa simu irekodi video, iweke ndani, funga, hesabu ishirini, fungua.

#15 Mkunga_wa_Uru
Fundi asante sana. Ni ya mlango wa mbele. Boksi lilikuwa rafu ya katikati, kifuniko kimechanika. Mpira nitaupima kesho. Umeme huku unakatika, wiki ya mwisho ya likizo yangu wenzangu wanasema ulikatika siku nzima mara mbili. Video nitafanya.

Mwalimu #6, nimeziangalia shingo za zile nne kwa kioo cha kukuzia. Sioni ufa. Ila ile ya kahawia imejaa kidogo chini ya wenzake, kama nusu unene wa ukucha. Sijui kama ina maana.

#16 Mwl_Kemia_Himo
#15 Ina maana kubwa! Dawa pungufu ni hewa zaidi juu yake. Hiyo moja mimi namkabidhi oksijeni. Hizo tatu nyingine gawaneni na fundi.

#17 Dada_Sakina
Mimi ni wa maabara, Arusha. Rangi inayonivutia zaidi kwenye dawa ni ya adrenalini. Ampuli safi ni maji matupu. Ikianza kuharibika inakuwa waridi, waridi la kupendeza kama juisi ya rosela uliyoizimua sana, halafu inaelekea kahawia. Ile waridi ina jina: adrenokromu. Ndiyo maana viwanda vinaitia metabaisalfaiti, ambayo inajitoa kuliwa na oksijeni kwanza.

Na hapa kuna historia ambayo wengi hamna. Miaka ya 1950 madaktari wawili huko Kanada, Abram Hoffer na Humphry Osmond, walishuku kwamba adrenokromu ikitengenezwa mwilini ndiyo inayomletea mtu ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona maruweruwe. Dhana hiyo haikusimama. Lakini Osmond huyohuyo ndiye aliyetunga lile neno la Kiingereza "psychedelic", ambalo dunia nzima sasa inaliitia kundi la dawa za maruweruwe, akalitangaza mbele ya wanasayansi mwaka 1957. Yaani safari ya hilo neno imepita karibu kabisa na ampuli ya adrenalini iliyogeuka waridi.

#18 KijanaWaPasua
Adrenokromu si ile wanasema matajiri wa Marekani wanaikamua kwa watoto ili wasizeeke? Nimeiona video.

#19 Dada_Sakina
#18 Hapana mdogo wangu, na naomba usiisambaze hiyo. Adrenokromu ni adrenalini iliyooza kwa oksijeni, basi. Maabara inaagizwa kwenye katalogi kama kemikali nyingine yoyote. Haifanyi mtu awe kijana. Kuna dawa iliyotokana nayo, kabazokromu, baadhi ya nchi zimeitumia kusaidia kuzuia damu kutoka. Hakuna mtoto anayehitajika popote.

#20 KijanaWaPasua
Nimeelewa dada. Nimeifuta kwenye simu.

#21 Mtafiti_Tengeru
Afadhali #17 ameufungua huo mlango, kwa sababu ergometrini yenyewe imo kwenye ukoo huo. Asili yake ni kuvu inayoota kwenye suke la rai, nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano. Wakunga wa Ulaya waliitumia kuvu hiyo kuharakisha uzazi karne nyingi kabla ya sindano. Ergometrini ilitolewa ikiwa safi mwaka 1935. Muda mfupi baadaye Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz pale Basel, Uswisi, akawa anajaribu kutengeneza ndugu zake kutoka asidi ya laisejiki. Ndugu wa ishirini na tano ndiye LSD, ile dawa kali ya maruweruwe. Alimpata mwaka 1943.

LSD ilihifadhiwa kama chumvi ya tatrati, na magonjwa yake ni haya haya ya ampuli za Uru: mwanga unaipachika maji, inakuwa lumi, inakufa. Ni kiungo kilekile alichokitaja mwalimu #6.

#22 Stoo_Mkuu
#21 Rekebisha mwaka mkuu. Alimtengeneza 1938. Sandoz hawakuona kazi yake, akawekwa kando. Aprili 1943 Hofmann akamrudia, akahisi mwili umebadilika, siku tatu baadaye akajipima kwa makusudi mikrogramu 250 na kurudi nyumbani kwa baiskeli akiwa haoni mbele vizuri.

Na kwa wakunga wote mnaosoma: ergometrini imo kwenye jedwali la kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa sababu ya ukoo huo. Ndiyo maana hesabu yake ninaifuata ampuli kwa ampuli. Dada Mkunga, hizo nne zilizoharibika usizimwage. Ziandike, zirudishe kwa hati.

#23 Mtafiti_Tengeru
#22 Sahihi kabisa, 1938. Nimechanganya kutengenezwa na kugundulika kazi yake. Asante.

Nyongeza ndogo ya rangi. Kuna uyoga wa maruweruwe ambao ukiuminya unageuka buluu. Watu walibishana miaka mingi buluu hiyo ni nini. Hofmann huyohuyo ndiye aliyetoa psilosibini, kemikali ya uyoga huo inayoleta maruweruwe, kwenye uyoga wa Meksiko mwaka 1958. Lakini ile buluu ilifafanuliwa juzi juzi tu, na watafiti wa Jena, Ujerumani, matokeo yakatoka kuelekea 2020. Psilosibini ina fosfeti inayoifunika kama kifuniko cha sufuria. Uyoga ukijeruhiwa, kimeng'enya kimoja kinang'oa kifuniko, kingine kinaioksidisha, vipande vinashikana kuwa buluu. Kifuniko kikiwepo imetulia, kikitoka inaharibika kwa haraka. Pete iliyo ndani ni indoli, ileile ya ergometrini.

#24 Mama_Longido
Samahani nawatoa nje kidogo. Magadi ya Natron tunayopikia kuna wakati yanakuja na rangi ya waridi. Na yenyewe yameharibika?

#25 Mwl_Kemia_Himo
#24 Mama, ile waridi si kuharibika. Ni vijidudu vinavyopenda chumvi kali, ndivyo vinavyolipaka ziwa lote wekundu. Cha kuangalia kwenye magadi ya huko ni floraidi, nayo haina rangi. Meno ya watoto ndiyo yanayoionesha. Tumia kidogo sana, na kwa mtoto mdogo acha kabisa.

#26 Wakala_Majengo
Mimi nina duka la miamala hapa Majengo, nina ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Shemeji yangu nesi alinambia dawa hiyo inang'aa buluu chini ya taa hiyo. Dada Mkunga si alete ampuli zote tuzimulike? Inayong'aa nzima, isiyong'aa mbovu.

#27 Mfamasia_Njiro
#26 Shemeji yako ni kweli, ergometrini inang'aa buluu. Lumi haing'ai hivyo. Ila yule aliyejigeuza upande niliyemtaja #11 naye anang'aa vizuri tu. Kwa hiyo ampuli itawaka kama taa ya Krismasi na kizazi kisikaze. Tena taa yenyewe ni ya urujuanimno. Utakuwa unamkagua mgonjwa kwa kumpiga.

#28 Wakala_Majengo
Basi taa ibaki kwenye noti.

#29 Mkunga_Mstaafu_Marangu
Mwanangu wa Uru, nimesoma uzi wote, sikutaka kuingia mapema.

Nilikuwa kituo kimoja huko zamani, sitakitaja. Mama wa mtoto wa tano. Mtoto ametoka salama, kondo limetoka lote nimelikagua, damu ikaanza. Presha yake ilikuwa nzuri, nikachoma ergometrini. Ampuli ilikuwa ya kioo cha kahawia, kwa hiyo rangi ya dawa hata ningetaka nisingeiona. Nikaweka mkono tumboni kusubiri kizazi kigumu kama mpira. Kikabaki laini kama unga uliokandwa. Nikachoma ya pili kutoka boksi lilelile. Laini. Nikabadili, nikaweka oksitosini kwenye dripu huku nasugua tumbo kwa nguvu zangu zote, na mwenzangu ameshatuma mtu akatafute gari. Kizazi kilikaza tukiwa njiani. Yule mama yupo, namuona sokoni Mwika.

Asubuhi nikachukua ampuli iliyobaki nikaivunja, nikaimimina kwenye kisosi cheupe. Njano, kama mkojo wa mtu asiyekunywa maji. Tangu siku hiyo, ampuli ya kahawia naigeuza mbele ya tochi kila Jumatatu, na sijawahi kuchukua za juu ya trei.

Na hapo kwenye trei ndipo ninapotaka kukuuliza. Wodini kwenu mnatoa ampuli ngapi kuweka tayari kwenye trei ya kuzalishia? Na isipotumika, inarudi wapi?

#30 Mkunga_wa_Uru
Shikamoo mama. Nimesoma hadithi yako nimesimama.

Trei. Sikuwa nimeifikiria. Kila zamu inatoa mbili kuweka kwenye trei, chini ya taa ya kuzalishia. Asubuhi zisipotumika zinarudishwa kwenye boksi. Nimewauliza wenzangu leo, wamekiri, hakuna aliyeona kosa. Tena zinarudishwa popote penye nafasi, kwa hiyo ampuli moja inaweza kuwa imekaa kwenye trei usiku ishirini na jirani yake hata mmoja.

#31 Mfamasia_Njiro
Basi jibu limepatikana. Mwanga, kama nilivyosema #4. Mama Marangu amefunga kesi.

#32 Fundi_Friji_Soweto
Taratibu mkuu. Kwenye trei kuna mwanga na pia kuna joto la chumba. Utajuaje ni yupi? Na matokeo ya ile video hatujayapata.

#33 Mkunga_wa_Uru
Video: taa inazima mlango ukifungwa. Hiyo tunaitoa. Lakini noti imetoka bila kukataa fundi, mpira umekwisha upande wa chini. Na kipimajoto leo saa saba mchana kilisoma 13.

Halafu kuna jambo linalonisumbua zaidi. Ile yenye unjano mdogo ilikuwa kwenye mstari wa nyuma, ambao kikaratasi chake cha kiwandani bado kimeganda. Hiyo haijawahi kutoka kwenda kwenye trei. Hakuna mkono ulioigusa.

#34 Stoo_Mkuu
Hapo sasa. Mimi naangalia njia ilikopita kabla ya kufika kwako. Boksi likikaa nyuma ya gari kutoka tambarare mwezi wa Februari, na jua la Moshi la Februari mnalijua, kinachofika juu Uru kimeshachoka. Chanjo zina kile kiduara chenye mraba ndani, joto likizidi mraba unakolea mpaka unafanana na duara, unajua usitumie. Kilianza kuwekwa kwenye chanjo ya polio ya matone mwaka 1996. Sindano ya kuokoa mama haina alama hiyo. Sijawahi kuelewa kwa nini.

#35 Mwl_Kemia_Himo
Na mimi sijaachia kioo. Kioo cha bei rahisi kinatoa alkali kidogo kidogo, inapunguza asidi ya dawa, na indoli ikitoka kwenye asidi inaliwa haraka. Chembe ya chuma ndogo kuliko vumbi nayo inatosha kuchochea. Hayo yanatofautiana ampuli na ampuli hata ndani ya bechi moja. Yenye unjano kwenye mstari wa nyuma ningeipeleka huko.

#36 Dada_Sakina
Kwa wanaouliza kama kuna dawa isiyosumbuka hivi: ipo kabetosini inayostahimili joto, inawekwa chini ya nyuzi 30 bila friji. Ilipimwa dhidi ya oksitosini kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, matokeo yakatoka 2018. Ni ya kuzuia damu kabla haijaanza.

#37 Mkunga_wa_Uru
Wakuu nimerudi, siku tisa baadaye. Kwa ruhusa ya mkuu wa kituo, na kwa hesabu kama alivyoagiza #22, nilichukua ampuli nne kati ya zile sita. Nilishaamua sitazichoma, mbadala umefika. Mbili nikaziweka dirishani. Mbili nikazifunga kwa karatasi ya sigara, ile ya kung'aa, nikaziweka droo ya meza yangu kwenye joto la chumba.

Za dirishani zimegeuka zote, moja siku ya nne, nyingine siku ya sita. Za droo, moja ni safi. Nyingine leo asubuhi nimeiweka kwenye karatasi nyeupe jirani na mwenzake, nikamwita na dada wa mapokezi aangalie bila kumwambia ninachotafuta. Akaonesha kwa kidole ileile ninayoiona mimi. Ina unjano.

Haijaona mwanga siku tisa.

#38 Mfamasia_Njiro
Kabla ya siku hizo tisa iliwahi kwenda kwenye trei?

#39 Mkunga_wa_Uru
Hakuna anayekumbuka.

#40 Mwl_Kemia_Himo
Kiasi cha dawa ndani yake kikoje ukilinganisha na safi? Juu au chini?

#41 Mkunga_wa_Uru
Sawasawa mwalimu. Nimepima kwa rula.

#42 Fundi_Friji_Soweto
Dada, Alhamisi napanda Uru na mpira mpya wa mlango. Sitaki hela ya ufundi, mpira tu mtalipia. Naleta na kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, tukiache humo wiki mbili. Trei nayo wekeni kisanduku chenye kifuniko, hata cha biskuti.

#43 Mkunga_wa_Uru
Karibu sana fundi, mbege ipo na mtori upo. Kisanduku tumeshaweka tangu jana, na ampuli inayotoka hairudi tena kwenye boksi, inaandikwa pembeni. Fomu ya TMDA imekwenda na picha. Nikijibiwa nitaleta hapa.

#44 Nesi_Mererani
Hodi. Nimesoma kuanzia #1. Nina adrenalini hapa kwenye sanduku la dharura, bado miezi mitano iishe, na naapa jana haikuwa na uwaridi huu. Nawawekea picha.